Uzi wa Mo Dao Zu Shi: Wei Wuxian, Lan Wangji na kesi ya maiti iliyokatwa vipande

#1 Nyuzi Saba (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Jukwaa hili lina nyuzi nyingi za tamthilia za Kikorea na Kituruki, ila hii ya Wachina haijapata pa kukaa, basi leo naifungulia. Ni Mo Dao Zu Shi. Riwaya ilitoka mtandaoni huko China kati ya 2015 na 2016, ikaja katuni kuanzia 2018, halafu mwaka 2019 tamthilia ya episodi 50, ile ambayo wengi mnaijua kama The Untamed. Xiao Zhan ni Wei Wuxian, Wang Yibo ni Lan Wangji.

Niweke wazi mapema: hawa ni wanaume wawili na wanapendana. Penzi lao ndilo linalobeba hadithi. Anayekuja kutukana apite tu, uzi huu ni wa wanaotaka kuiongelea kazi yenyewe. Na nitafichua mambo mengi. Kama hujamaliza na unataka uhondo wako ubaki mzima, ishia hapa, rudi ukimaliza.

Hadithi inaanza Wei Wuxian keshakufa na watu wanashangilia. Alikuwa mtu wa kuamsha maiti kwa filimbi, koo kubwa zote zikamgeuka zikamvamia. Inapita miaka 13 (tamthilia imefanya 16), kisha kijana mmoja aliyekuwa ananyanyaswa na ndugu zake, Mo Xuanyu, anautoa mwili na roho yake kafara ili Wei Wuxian arudi amlipizie kisasi. Wei Wuxian anaamka ndani ya mwili usio wake, mkononi ana chale ambazo hazifutiki mpaka matakwa ya kijana yule yatimie. Kabla hajajua afanye nini, watu wa nyumba ile wanaanza kufa mmoja mmoja, na anayewaua ni mkono. Mkono wa kushoto wa maiti, hauna mwili, hauna kichwa.

Kwenye riwaya mkono huo ndio unaoendesha upelelezi. Una kinyongo, na unaonyesha kidole upande uliko mwili wake wote. Wei Wuxian na Lan Wangji wanaufuata mkoa hadi mkoa wakiokota viungo vya mtu mmoja: miguu imeshonewa kwenye maiti ya mwingine, mkono wa kulia umefichwa kwenye mji wa ukungu. (Tamthilia imeweka roho ya upanga badala ya viungo. Naelewa kwa nini, lakini mkono una nguvu zaidi.)

Sasa njia wanazotumia. Lan Wangji ana guqin, ala ya nyuzi 7 inayolazwa, na ukoo wake una ufundi unaoitwa Wen Ling. Unapiga swali kwenye nyuzi, roho inakujibu kwa nyuzi hizohizo, na mbele ya mpigaji anayejua kazi haiwezi kusema uongo. Maswali ni mafupi. Wewe nani? Nani alikuua?

Mwandishi angeishia hapo kila kesi ingefungwa kwa dakika tano. Lakini twende mji wa Yi. Ukungu hauonekani mbele wala nyuma, nyumba imejaa majeneza na masanamu ya karatasi, vijana wa koo mbalimbali wamejibanza humo, na mbele yao kuna maiti mtembezi aliyekatwa ulimi. Hawezi kusema. Kijana Lan Sizhui anaketi na guqin yake anapiga maswali matatu. Wewe nani? Song Lan. Nani alikuua? Xiao Xingchen. Nani anakutawala?

Aliye nyuma yenu.

Nilisimamisha kusoma hapo nikaenda kuwasha taa ya sebuleni. Maana aliye nyuma yao ni yule kipofu mpole aliyejifanya kuwa ndiye Xiao Xingchen, nao wamekuwa wakimhurumia muda wote. Ni Xue Yang, muuaji aliyejigeuza.

Na uone ufundi ulivyo: jibu la pili ni la kweli, lakini linapotosha. Xiao Xingchen kweli alimchoma Song Lan kwa mkono wake. Ila alikuwa kipofu, na Song Lan alikuwa amekwisha kutiwa sumu ya maiti na kukatwa ulimi, upanga ukamwelekea kama unavyoelekea maiti wengine. Kamuua rafiki yake akidhani anaokoa watu. Wen Ling inakupa jina la aliyeshika upanga tu.

Ndipo inaingia njia ya Wei Wuxian, Gong Qing. Yeye haulizi, anamwachia marehemu amwingie, anayaona aliyoyaona na kuyaumia aliyoyaumia. Kupitia msichana A-Qing tunapata kisa kizima. Ni hatari, unaweza usirudi, lazima awepo mtu wa kukushtua. Kwa hiyo mmoja anauliza, mwingine anaingia ndani, na kesi zao nyingi zinahitaji vyote viwili.

Hapa ndipo penzi na upelelezi vinaposhikana, na ndicho kilichonifanya niandike. Wei Wuxian aliuawa na maneno ya watu. Kila ukoo una orodha ya maovu yake, mengi ya kusikia, na kila msimuliaji kaongeza chumvi. Kati ya wakubwa wote wa koo zile, Lan Wangji ndiye anayemfanyia Wei Wuxian anachowafanyia marehemu: anamuuliza, halafu analipokea jibu. Pale Jinlintai, makao ya ukoo wa Jin, Wei Wuxian anapofichuka mbele ya kadamnasi, Lan Wangji angeweza kusema kadanganywa na wote wangemwamini, kwa heshima aliyokuwa nayo. Anakaa upande wa Wei Wuxian na anamtoa pale akiwa na jeraha la upanga.

Wala si mtu wa maneno matamu. Anaongea sentensi za maneno mawili matatu. Lakini chumbani kwake, kwenye makao yenye kanuni zaidi ya 3,000 na pombe ni marufuku, amehifadhi chini ya sakafu mitungi ya ile pombe aliyokuwa akiipenda Wei Wuxian. Yeye mwenyewe hanywi, kikombe kimoja tu kinamlaza.

Karibuni wadau. Nani kasoma, nani katazama, na mlianzia wapi?

#2 Ndizi Mshale

Mkuu umeandika vizuri ila mimi nilitazama episodi mbili nikaacha. Majina yalinishinda. Mtu mmoja anaitwa majina matatu, mara Wei Ying, mara Wei Wuxian, mara Mzee wa Yiling. Na sikuelewa kwa nini wote wanalia.

#3 Nyuzi Saba

Hujakosea dada/kaka, episodi mbili za mwanzo ni ngumu kwa kila mtu. Zinakuonyesha mwisho kabla ya mwanzo. Kuanzia ya 3 hadi ya 33 ni historia ya nyuma, ndipo unajua nani ni nani. Vumilia mpaka ya 5.

Majina: kila mtu ana jina la kuzaliwa na jina la heshima la ukubwani. Wei Ying ndiye Wei Wuxian, Lan Zhan ndiye Lan Wangji. La kuzaliwa wanakuita wazazi na walio karibu sana, asiye karibu akikuita hivyo kakukosea adabu. Sasa sikiliza hawa wawili wanavyoitana. Wei Wuxian anamwita Lan Zhan tangu ujana, kwa uchokozi, na mwenzake anakasirika kweli. Baadaye Lan Wangji naye anamwita Wei Ying, na halichezei jina hilo hata mara moja.

#4 Kichwa Ngumu

Nyie mnalazimisha. Nimeitazama yote 50, sijaona penzi. Nimeona marafiki wawili wa kufa na kuzikana. Mbona siku hizi wanaume wawili wakipendana kirafiki lazima mtu aseme ni wapenzi?

#5 Nyuzi Saba

Kaka, ulichokiona kwenye tamthilia ni halali, ndivyo ilivyobidi itengenezwe. China ina miongozo ya maudhui inayozuia mapenzi ya jinsia moja kuonyeshwa, kwenye televisheni na, tangu 2017, kwenye video za mtandaoni pia. Waliotengeneza walibakisha kila kitu isipokuwa tamko lenyewe.

Riwaya haiachi shaka. Kule kwenye hekalu la Guanyin, wakiwa wametekwa, adui yuko hatua chache, Wei Wuxian anamtamkia Lan Wangji mapenzi yake mbele ya wote waliopo, na anaitamka kwa sauti kwa sababu hana uhakika kama atapata nafasi nyingine. Mwishoni wanaishi pamoja kama mtu na mwenzi wake.

Halafu kuna wimbo. Wakiwa vijana, wamekwama pangoni, Wei Wuxian ana homa, Lan Wangji anamwimbia wimbo alioutunga mwenyewe. Mgonjwa anauliza unaitwaje, anazimia kabla hajalishika jibu. Miaka inapita, kafa, karudi na sura ya mtu mwingine, yuko mlimani Dafan anapuliza filimbi ya mwanzi aliyoichonga harakaharaka ili kumtuliza Wen Ning, maiti aliyemwamsha enzi zile, na wimbo unaomjia ni ule. Anarudi kinyumenyume huku anapuliza, anamgonga mtu. Lan Wangji. Anamshika mkono na hamwachii. Hakuna mwingine duniani aliyewahi kuusikia. Jina la wimbo limeunganishwa kutoka majina yao wote wawili. Rafiki anaweza kukutungia wimbo, sikatai, lakini kauangalie tena ukijua hilo.

#6 Kichwa Ngumu

Hilo la wimbo sikulishika kabisa. Nitarudia hapo.

#7 Mtoto wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi ni wa Pemba na hii Wen Ling ilinigusa tofauti. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiitwa kwenye ngoma za kupunga. Pepo akipanda kichwani, kazi ya fundi ni kumuuliza: u nani, umetoka wapi, wataka nini? Hafukuzwi kwanza, anasikilizwa kwanza. Akishatajwa jina na akasema dai lake ndipo wanapatana. Hadithi za mizuka za kizungu mara nyingi nazikuta mzuka ni wa kutolewa tu, imekwisha. Hii ya Wachina inaanza na dai la marehemu. Nilipoona Lan Wangji anaweka ile ala na kuuliza kwa upole, nilisema huyu angekaa vizuri na wazee wetu.

Na vijana wao pia wanafundishwa mpangilio: kwanza umridhishe marehemu, ikishindikana umzuie, na kummaliza ni mwisho kabisa. Wei Wuxian alilijua hilo darasani tangu ana miaka 15, akaja na njia ya nne ya kukitumia kinyongo chenyewe, mwalimu akamrushia kitabu.

#8 Nyuzi Saba

Waalaykum salaam. Mchango mzito sana huu. Na pale darasani mtu anayetoa jibu la kitabu, sahihi neno kwa neno, ni Lan Wangji. Wanaanza wakiwa pande mbili za swali hilohilo, na kila kesi ya baadaye wanalitatua kwa kuchanganya.

#9 Sungura Mweupe

Naomba nipingane kidogo na mleta uzi. Unamsifu Lan Wangji kana kwamba alikuwa tegemeo tangu mwanzo. Hapana. Kwenye maisha ya kwanza alikuwa anamwambia Wei Wuxian jambo moja tu: rudi nami Gusu. Hamwelezi kwa nini. Wei Wuxian ametoka kuishi kuzimu, ukoo uliomlea umechomwa, amepoteza kiini chake cha dhahabu (chanzo cha nguvu zake mwilini) na hawezi kumwambia mtu, halafu anakuja huyu wa kanuni 3,000 anamwambia twende kwetu. Yeye anasikia "twende ukafungwe". Mwenzake alimaanisha twende nikufiche. Kama angesema sentensi mbili zaidi, pengine Wei Wuxian asingekufa.

Ndiyo maana napenda nusu ya pili. Hamwambii tena twende wapi. Anamfuata. Wei Wuxian akisema tugeuke huku, wanageuka. Akitaka kupanda punda, Lan Wangji anashika kamba ya punda.

#10 Nyuzi Saba

Sungura Mweupe umenishinda, nakubali yote. Nitaongeza tu kwamba hata alipokuwa hajui kusema, alilipa. Wakati koo zinamwinda Wei Wuxian, alimtetea dhidi ya wazee 33 wa ukoo wake mwenyewe, na kwenye riwaya akachapwa mijeledi 33, mmoja kwa kila mzee. Makovu ya mjeledi ule hayafutiki. Na alimchukua yule mtoto mdogo wa ukoo wa Wen aliyeachwa mlimani akamlea. Ndiye Lan Sizhui, yule yule anayepiga maswali mji wa Yi. Wei Wuxian anayajua haya mwishoni kabisa, na kuhusu mijeledi anaambiwa na kaka yake Lan Wangji. Mwenyewe hakuwahi kuitaja hata siku moja.

Lakini nawe usimsahau Wei Wuxian. Yeye pia anamtunza mwenzake. Pale pangoni Lan Wangji mguu umevunjika, kwao wamechomewa nyumba, baba yake yu mahututi, hataki kuguswa na mtu. Wei Wuxian anajifanya mtundu mpaka mwenzake anakasirika, na kwa hasira zile damu iliyoganda kifuani inamtoka. Alikuwa amekusudia hivyo.

#11 Daladala ya Mwisho

Mimi ni shoga, naishi mji ambao sitautaja. Niseme kwa nini hii nimeirudia mara nyingi. Hadithi nyingi nilizowahi kuona zenye watu kama mimi, lazima mmoja afe mwishoni, mwingine abaki analia dirishani. Hii imemuua kwenye ukurasa wa kwanza. Ikamaliza hilo. Kila kinachofuata ni watu wawili kuwa hai pamoja: wanagombea chumba cha wageni, mmoja analewa kwa kikombe kimoja anaiba kuku wawili anamkabidhi mwenzake kwa mikono miwili kama mahari. Wanafanya kazi yao, wanarudi, wanakula.

Na sehemu niipendayo ni ya mashua. Lan Wangji amekwisha kusikia habari za kiini cha dhahabu, kwamba Wei Wuxian alikatwa akiwa macho ili kumpa ndugu yake. Wako ziwani usiku, Wei Wuxian ana njaa, kuna yungiyungi zimezaa na zina mwenyewe. Msomaji anategemea Lan Wangji akatae, ni mtu wa sheria. Ananyoosha mkono anachuma. Hasemi pole. Siku niliyoisoma hiyo sehemu nilimtumia mtu wangu picha ya ukurasa saa nane za usiku.

#12 Nyuzi Saba

Asante kwa kuandika, ndugu yangu. Karibu sana humu. Hiyo ya mashua sikuwa nimeitazama kama pole, na sasa sitaiona vingine.

#13 Ndizi Mshale

Nimefika episodi ya 9. Sasa naelewa kwa nini wanalia. Naomba kuuliza: nisome riwaya kwanza au nimalize video? Na ipo kwa Kiswahili?

#14 Nyuzi Saba

Kwa Kiswahili sijaiona. Tumezoea tamthilia za Kichina zenye sauti za Kiswahili tangu TBC ianze kurusha mwaka 2011, ila hii mimi nimeitazama kwa maandishi ya Kiingereza. Riwaya imechapishwa rasmi kwa Kiingereza, vitabu 5. Ushauri wangu: maliza tamthilia kwanza ili sura na majina vikukae, halafu riwaya, maana muuaji ni yuleyule ila njia ya kumfikia ni tofauti sana. Katuni ni fupi, episodi 35, na mapigano yake ni mazuri kuliko yote.

#15 Mtoto wa Wete

Mleta uzi, hujamgusa Nie Huaisang. Tumalize kwa huyo. Miaka yote anajulikana kwa "sijui, sijui", analia mbele ya wakubwa, anajipepea kwa pepeo yake. Mwishoni inaonekana ndiye aliyepanga kila kitu. Maiti ile ya vipande ni ya kaka yake, Nie Mingjue. Alijua nani alimuua na akaandaa watu wote wakamgundue kwa miguu yao. Mimi nilianza kushuku kwenye wale paka.

#16 Sungura Mweupe

Paka! Vijana wanakuta paka wamechinjwa njiani, wanafuata nyayo za mchinjaji mpaka mji wa Yi. Xue Yang hakuwa na sababu ya kuwaita watu. Kuna mtu aliwatega waende. Lakini sasa, vijana wale wangeweza kufa kule. Huaisang alikuwa tayari kwa hilo. Mimi simsamehi. Na kinachoniuma, Wei Wuxian ameelewa yote na hakusema kitu.

#17 Nyuzi Saba

Ameelewa, ndiyo, lakini ana nini mkononi? Paka waliokufa, barua isiyo na jina, mashahidi waliojitokeza kwa wakati uliofaa mno, na mtu anayesema sijui. Anaviunganisha kichwani vinakaa sawasawa, halafu anakiri kwamba yote ni dhana, ushahidi hana. Na huyu ndiye mtu ambaye dunia nzima ilimhukumu kwa dhana zilizokaa sawasawa. Angemtaja Huaisang pale nje ya hekalu, umati uleule uliompamba Jin Guangyao, yule aliyemuua Nie Mingjue, jana na kumlaani leo ungepata wa kumrukia kesho.

Sisemi Huaisang ni safi. Damu ya wengi imepita mikononi mwake, na Mo Xuanyu nadhani ni mmoja wao, maana kuna mtu alimpa yule kijana wazo la kafara. Lakini Wei Wuxian anamtazama Huaisang, anamwelezea Lan Wangji anavyofikiri, Lan Wangji anamsikiliza mpaka mwisho, na wanaiacha palepale. Wanaondoka na punda wao.

#18 Kichwa Ngumu

Nimerudia ile ya Dafan. Amemshika mkono na hauachii mpaka kaondoka naye. Sawa wakuu, naanza riwaya leo.